Hati Iliyotoka kwa Siku Tisa

Juzi binti wa jirani yangu hapa Mlandizi alipata barua ya kazi katika ofisi ya ardhi. Alikuja mbio kunionyesha, akaniamkia, nikaitika, akasema, "Mama Shani, wewe umekaa ardhi maisha yako yote. Nipe neno moja la kuanzia." Nikamwambia, "Siku utakayosikia ofisi yenu inasifiwa, shtuka." Akacheka, akidhani natania. Nilipomwona anacheka nikapandwa na hasira, nikamwambia maneno ambayo mtoto wa watu hakustahili. Akaondoka na barua yake bila hata kunywa chai.

Haya ninayoandika ni yale niliyopaswa kumwambia kwa utulivu. Utulivu wenyewe sina, sitawadanganya. Nimestaafu, nafuga kuku, naswali kwa wakati, lakini likitajwa neno "utendaji wa mfumo" moyo unanienda mbio. Basi nyinyi vijana mnaoingia kwenye ofisi hizi, nivumilieni. Ofisi zenyewe sizitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Nimefanya kazi upande wa Kibaha na upande wa Kisarawe, na mnaonijua mtajua.

Nilianza kama karani wa masjala, yaani chumba cha majalada. Mkuu wangu alikuwa Mzee Shomari, mtu mfupi, mkali, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa masika na kiangazi. Huyo hakuwa na shahada. Alikuwa na pua. Akiingia asubuhi ananusa hewa anasema, "Mchwa wameingia rafu ya nne," na kweli ukifunua rafu ya nne unawakuta. Alinifundisha mambo ambayo sijayaona kwenye semina yoyote. Jalada likitoka rafuni, acha karatasi mahali pake: nani kalichukua, lini, kwa kazi gani. Mtu akileta fomu, igonge muhuri wa kupokelewa yeye mwenyewe akiona, halafu tarehe iandike kwa mkono wako pembeni, na saini yako. "Tarehe ya muhuri huzungushwa kwa kidole," alikuwa akisema. "Mwandiko wako hauzungushwi."

Na majina! Huku kwetu usiandike jina la mtu na la baba yake ukadhani umemaliza. Mwaka wangu wa pili nilimkabidhi Ramadhani Shabani hati ya Ramadhani Shabani mwingine. Wote wa kijiji kimoja karibu na Ruvu, mmoja mvuvi, mmoja mkulima wa mpunga. Yule mvuvi alikaa na hati ya majaruba ya mwenzake miezi mitatu akiringia nayo. Walikuja ofisini pamoja, wameshikana mikono kama maharusi, wanacheka mpaka machozi. Mzee Shomari hakucheka. Alinipa daftari jipya, akaniamuru niandike jina, la baba, la babu, na lile jina ambalo mtu huitwa kijijini. Tangu siku hiyo rejista yangu ilikuwa na watu kama Ramadhani Shabani Kondo "Mzee wa Kambale". Wakubwa waliokuja kukagua walinicheka. Lakini sikukosea tena jina la mtu.

Alinifundisha pia kutembea mipaka. Unapokwenda shambani kuhakiki, mwache mwenye shamba atangulie. Majirani wamfuate. Wewe kaa nyuma, funga mdomo, tazama miguu. Mahali ambapo jirani mmoja anapunguza mwendo, au anasimama kujifunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka, hapo ndipo penye ugomvi. Mtu anaweza kukubali kwa mdomo kwa sababu mwenyekiti yupo. Miguu hukataa. Na ukikuta minyaa iliyopandwa mstari mmoja, mikubwa sawa, hiyo ni mipaka ya zamani, iheshimu hata kama jipiesi yako inasema vingine.

Kisha zikaja kompyuta. Naomba nisieleweke vibaya, mimi sichukii kompyuta. Nilijifunza nikiwa mtu mzima, nikachekwa, nikaweza. Vishikwambi vinavyopima shamba zima kabla jua halijawa kali ni neema. Wale waliokokota mnyororo wa kupimia kwenye mapori ya Kisarawe watakuambia. Kilichotuharibu kilikuja pamoja na kompyuta, nacho ni jedwali.

Wakubwa walitaka kujua mfumo unafanyaje kazi. Swali zuri kabisa. Lakini waliupima kwa vitu viwili: hati ngapi zimetoka, na kila moja imechukua siku ngapi. Siku zilihesabiwa kuanzia pale maombi yanapoingizwa kwenye kompyuta. Tafadhali soma tena sentensi hiyo. Hazikuhesabiwa kuanzia siku bibi wa watu alipotoka kijijini na fomu yake kwenye mfuko wa plastiki. Zilianza pale karani alipoamua kubonyeza.

Mkuu wetu wa idara nitamwita Bwana Lugano. Alikuwa mtu mstaarabu, hasemi kwa sauti, msomi. Siku moja akatuita akasema, "Jamani, maombi yenye matatizo msiyaingize kwanza. Yanatuharibia wastani. Yahifadhini, yakikamilika ndiyo myaingize." Tukanunuliwa kabati la chuma la kijivu, tukaliweka nyuma ya kiti changu. Mwanzoni ziliingia fomu zenye kasoro kweli: saini imekosekana, muhtasari wa kikao cha kijiji haujaambatishwa. Baadaye ziliingia zile ambazo tulikuwa hatujapata nafasi ya kuzisoma. Mwishoni iliingia fomu yoyote ambayo mwenyewe hana wa kumpigia simu. Nani alikuwa anaziingiza? Mimi. Nilikuwa nageuka na kiti, navuta mlango, natumbukiza, nafunga. Ukiniuliza kwa nini sikukataa, nitakujibu kwamba wastani ulipendeza na wote tulisifiwa, na sifa ni tamu.

Nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu, ikaja tathmini. Kampuni moja ya ushauri ilipewa kazi ya kupima utendaji wa usajili wa ardhi, nayo ikamleta kijana anaitwa Edson. Kijana mpole, ana miwani, anaandika kila kitu. Bwana Lugano akanipangia nimsindikize kwa sababu nawajua watendaji wa vijiji. Edson alikaa siku mbili na jedwali letu, akatoka anatabasamu.

"Mama Shani, mnafanya vizuri sana. Kuna hati ya kimila hapa ya Vihingo imetoka kwa siku tisa. Tisa! Nataka kumpiga picha mwenye shamba, tumweke kwenye ukurasa wa mbele wa ripoti."

Hati ya kimila, kwa msiojua, ndiyo hati ya shamba la kijijini: kijiji kinapitisha, wilaya inasajili. Nikamwambia twende, lakini njiani tupite na kwingine, tuchukue majalada machache bila kuchagua, tukaone kama karatasi na ardhi zinafanana. Akasita. "Mama, hadidu zangu za rejea zinasema jedwali." Nikamwambia, "Baba, umekuja kupima mfumo wa ardhi. Ardhi haipo humu ofisini." Akakubali, nadhani kwa sababu ya umri wangu.

Tulianzia Soga. Tangu stesheni ya treni mpya ijengwe, viwanja vya kule vimekuwa kama maandazi ya moto. Jalada letu lilisema kiwanja kimoja, mmiliki mmoja, safi. Tulikuta nyumba nne. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga chapati mbele ya nyumba ya pili tulimtajia jina la kwenye hati.

"Huyo simjui," akasema bila kuinua macho. "Mimi nimeuziwa na Mama Rehema. Mama Rehema kauziwa na mtu wa Ruvu. Huyo wenu labda malaika."

Akaingia ndani, akatuletea karatasi ya daftari la shule, ina saini za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, imekunjwa mpaka imepasuka mikunjo. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati yake. Edson akaniuliza, "Mbona hawakuja kubadilisha jina ofisini?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Mama akageuza chapati. "Nilienda mara mbili," akasema. "Mara ya tatu nikaona bora nikaange chapati." Edson akaandika. Nilimwona anaandika polepole kuliko jana yake.

Kesho yake tukaenda Vihingo. Mtendaji wa kijiji, mgeni pale, alituambia shamba liko mbali, barabara mbaya, mwenyewe labda hayupo. Mtendaji akiwaambia mambo matatu kwa mpigo namna hiyo, fungeni viatu vizuri mwende. Gari tukaliacha ofisini kwake, tukatembea.

Harufu ya mkaa ndiyo iliyotupokea. Jalada lilisema shamba la mikorosho. Tulikuta visiki. Mikorosho minene, ya umri wa mtu mzima, imekatwa usawa wa goti, na tanuri mbili za mkaa zinafuka. Kwenye kona ya mbali, kando ya makaburi, palibaki ukanda mwembamba wa mihogo, na hapo palikuwa na mwanamke mzee anapalilia. Nikamtambua kabla hajageuka. Alikuwa Bi Mwanahawa Pazi.

Bi Mwanahawa alikuwa amekuja ofisini kwetu mara nyingi. Kanga safi, mfuko wa plastiki, na subira iliyokuwa inanikera kwa sababu ilinifanya nijione mbaya. Kila mara nilimwambia arudi.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," nikasema.

Hakuitika. Kwetu mtu hakosi kuitikia shikamoo. Hata mgonjwa huitikia. Alinitazama kuanzia viatuni mpaka mtandioni, kisha akarudi kwenye jembe lake.

Edson hakuelewa. Akasema kwa adabu, "Shikamoo bibi. Tunamtafuta Bwana Kibwana, mmiliki wa shamba hili. Tulitaka kumpiga picha."

Jembe likasimama.

"Mmiliki?" akasema Bi Mwanahawa. "Mkampige picha hukohuko Mlandizi anakokaa. Huku huja na lori la mkaa tu."

Akatueleza akiwa amesimama, mikono juu ya mpini. Pori lile alilifyeka baba yake. Yeye alizaliwa pale, akaolewa akarudi, akawazika pale baba, mama na mwanawe wa kwanza. Kibwana ni mtoto wa ami yake, hajawahi kushika jembe kule, lakini viwanja vilipoanza kupanda bei akasema shamba ni la ukoo na yeye ndiye mwanamume.

"Mimi sikulala," akasema. "Nilisikia watu wanaandikisha mashamba, nikajaza fomu yangu mapema, kijiji kikanipitishia, nikaileta kwenu. Nikaja mara saba. Wewe," akaninyooshea kidole, "mara ya saba ulinitazama usoni ukaniambia, 'Bibi, humo kwenye mfumo.' Nimekaa mbele yako na mwili wangu huu, wanitazama nakutazama, waniambia simo!"

Edson alinigeukia. Na hapo, katikati ya visiki, nilikumbuka jambo la pili, ambalo Bi Mwanahawa hakulijua. Maombi ya Kibwana yalipokuja, aliyetakiwa kuhakiki kama kuna mtu mwingine aliyeomba ardhi hiyo alikuwa mimi. Niliangalia kwenye kompyuta. Kompyuta ilisema hakuna. Nikaandika: hakuna pingamizi. Nikatia saini. Siku tisa. Na fomu ya yule mama ilikuwa nyuma ya kiti changu, umbali wa mkono.

Tuliporudi ofisini sikukaa. Nilivuta mlango wa kabati na nikaanza kutoa fomu, rundo kwa rundo, naziweka sakafuni. Edson alipiga magoti akanisaidia. Ya Bi Mwanahawa ilikuwa rafu ya tatu. Kamili. Muhtasari wa kikao upo, saini za majirani zipo, kidole gumba chake kipo. Hakukuwa na kasoro yoyote, vijana, hata moja. Muhuri wa kupokelewa ulikuwepo, na pembeni tarehe kwa mwandiko wangu: zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Kibwana. Halafu tukalitoa jalada la Kibwana tukaziweka karatasi sambamba. Kwenye fomu ya Bi Mwanahawa, jirani wa mashariki, Mzee Mwinshehe, aliweka dole gumba kwa sababu hakujua kuandika. Kwenye fomu ya Kibwana, Mzee Mwinshehe huyohuyo alikuwa na saini nzuri ya kalamu, yenye mkia. Nilimpigia simu mtu ninayemjua Vihingo. Akaniambia Mzee Mwinshehe alikuwa ameshazikwa wakati fomu ya Kibwana inajazwa.

Nikaingia kwa Bwana Lugano na karatasi zote mbili.

Alizisoma. Akavua miwani, akaifuta. "Bi Zuhura," akasema, akiniita kwa jina langu la kazini, kwa sauti yake ileile ya taratibu, "umebakiza muda mfupi ustaafu kwa heshima. Hili ni suala la familia. Waende baraza la ardhi wenyewe."

"Barazani wataulizwa nani aliandika hakuna pingamizi."

"Ndiyo maana nakwambia utulie. Ni wewe uliyeandika."

"Najua ni mimi."

"Basi?"

"Basi nitakwenda kusema ni mimi. Na nitasema kabati ni la nani."

Akairudisha miwani usoni. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo likitajwa kwenye redio nazima redio. Akasema, "Bi Zuhura, kila mfumo una changamoto."

Changamoto! Mwanamke anapalilia mihogo kando ya kaburi la mwanawe kwa sababu tumempa shamba lake mtu mwingine, kwa saini ya marehemu, na kwa uzembe wangu mimi, na hiyo eti ni changamoto. Nawaomba nyinyi mnaoanza: neno hilo msilitumie. Ukikosea sema nimekosea. Ukiiba sema nimeiba. Mtu akidhulumiwa, andika amedhulumiwa. Mkifika mahali pa kuandika changamoto, wekeni kalamu chini mjiulize mnamficha nani.

Wiki ileile nilihamishiwa meza ya koridoni, mkabala na choo, kwa "maandalizi ya kustaafu". Sikujali. Nilikuwa nimeshatoa nakala na kuzithibitisha, nikampelekea Bi Mwanahawa kupitia kwa mjukuu wake, pamoja na maelezo ya namna ya kufungua shauri kwenye baraza la ardhi la wilaya, na jina langu kama shahidi.

Shauri lilichukua muda. Siku yangu ya kutoa ushahidi nilivaa baibui jipya. Kibwana alikuwa na wakili, kijana hodari. Akasimama.

"Shahidi, wewe ndiye uliyehakiki maombi ya mteja wangu?"

"Ndimi."

"Ukaandika kwamba hakuna pingamizi?"

"Niliandika."

"Leo unasema palikuwa na maombi mengine. Sasa lieleze baraza: ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Watu wakacheka chinichini. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa benchi la mbele, hakunitazama.

"Siku ile," nikasema. "Niliandika jambo nisilolijua. Nilitazama kompyuta, sikutazama nyuma yangu. Fomu ya mama huyu niliipokea mimi, mwandiko ule pembeni ni wangu, na niliifungia kabatini mimi."

Wakili alikaa. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayejitetea. Mwenyekiti wa baraza akaomba kuiona saini ya Mzee Mwinshehe, na mtoto wa marehemu akaletwa, akasema baba yake hakuwahi kushika kalamu tangu azaliwe, na akataja siku waliyomzika. Kibwana alitazama dari.

Baraza likaamuru hati ya Kibwana ifutwe na shamba lirudi kwa Bi Mwanahawa. Mtadhani basi ndiyo mwisho mwema. Mikorosho hairudi kwa amri ya baraza. Mkorosho uliopandwa leo utamsubirisha miaka, na yeye miaka hiyo hana uhakika nayo. Hakuna aliyefikishwa popote kwa ile saini ya marehemu mpaka ninapoandika.

Na ripoti? Edson alijitahidi, sitamsema vibaya. Aliandika sura nzima juu ya kabati na juu ya Soga na Vihingo. Alinitumia ile rasimu nikaisoma nikalia. Kisha ikapita kwa wakubwa wake, ikapita kwa wakubwa wetu, na ilipotoka imechapishwa kwa karatasi za kung'aa, sura ile ilikuwa imebaki sentensi moja: "Zipo changamoto chache za utunzaji wa kumbukumbu." Ofisi ikapongezwa. Na ile hati ya siku tisa? Baraza liliifuta. Jedwali halikuifuta. Imo humo mpaka leo, inahesabiwa miongoni mwa zilizotoka, inatupunguzia wastani.

Kwa hiyo siku mtakapoambiwa mpime mfumo wa ardhi, au mtakapopimwa, msianze na hati ngapi. Anzeni na mtu. Muulizeni alitoka kwake lini mara ya kwanza, na siku hiyo ndiyo iwe siku ya kwanza. Chukueni hati mkononi mwende shambani, mmuulize jirani ambaye hafaidiki na lolote: nani analima hapa? Jina la kwenye karatasi likiwa siyo la anayelima, mfumo wenu umeanguka, hata ukiwa na kasi ya umeme. Na watafuteni waliokata tamaa. Yule mama wa chapati hamo kwenye takwimu yoyote. Kwa jedwali, mtu aliyeacha kuja hana malalamiko. Fungueni makabati, droo, na masanduku chini ya meza. Mkikuta fomu ya mtu, iingizeni siku hiyohiyo, wastani uharibike. Uharibike! Kwani wastani unalima wapi?

Baada ya kustaafu nilikaa wiki kadhaa nikizungukazunguka nyumbani. Nilikuwa nimesema ukweli barazani, watu walinipongeza, lakini kifua hakikutua. Asubuhi moja nikafunga safari ya Vihingo peke yangu.

Nilimkuta Bi Mwanahawa uani anamenya mihogo. Visiki vingine vilikuwa vimeanza kuchipua majani mekundu membamba. Nilipiga hodi, akasema karibu, kama anavyomwambia yeyote. Sikukaa kwenye kigoda alichonisogezea. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, siyo kwa ofisi, kwa ajili yangu mimi. Nikamwambia kwamba siku ile aliyonitazama usoni, fomu yake ilikuwa nyuma yangu, na kwamba sikugeuka kwa sababu nilikuwa nimechoka na ilikuwa karibu saa ya chakula. Hilo barazani sikulisema. Hakuna aliyeniuliza.

Alimenya muhogo mzima. Akautumbukiza kwenye maji, akachukua mwingine.

"Karibu saa ya chakula," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulikwenda kula?"

"Nilikwenda."

Akatikisa kichwa, siyo kwa hasira, zaidi kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu muda mrefu na sasa amekiona kilivyo kidogo. Akainuka akaingia jikoni. Nilidhani ndiyo kanifukuza, nikaokota mkoba wangu. Akatoka na sahani mbili za mihogo ya nazi, mvuke bado unafuka, akaiweka moja mbele ya kigoda.

"Sijakusamehe, Zuhura," akasema. "Lakini umetoka mbali. Kaa ule."

Nikakaa, nikala.